Herufi moja tu

Julai mwaka juzi dada wa mapokezi alinipigia simu nikiwa geti la Machame, tunapoanzia kupanda Kilimanjaro: "Kaka, kuna wageni wawili hapa ofisini wanasema wameshalipa, mimi siwaoni kwenye kitabu."

Walikuwa wamelipa kweli, ila si sisi. Jina la kampuni yetu ya kupandisha wageni mlimani lina l mbili. Mtu alisajili kikoa, yaani anwani ya tovuti, cha .com chenye l moja, akanakili tovuti yetu yote, mpaka picha za wagumu wetu, wapagazi wa mlimani.

Nikaiandikia kwa hasira kampuni iliyomsajilia kikoa. Jibu: wao hawaamui nani mwenye haki, na jina la mmiliki limefichwa. Mwanasheria mmoja hapa Moshi ndiye aliyenielekeza kwenye UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya vikoa uliopitishwa mwaka 1999 na ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani. Malalamiko unayapeleka WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na alama za biashara, Geneva, kwa baruapepe, hupandi ndege. Ada ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Mke wangu aliuliza hayo ni mahema mangapi.

Unatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kikoa kinafanana na alama yako ya biashara kiasi cha kuchanganya watu; aliyekisajili hana haki nacho; na alikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Kwa hilo la mwisho, risiti za wale wageni zilitosha. La kwanza ndilo lililonitoa jasho. Nilikwenda kifua mbele na cheti cha kampuni kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kumbe jina la kampuni ni kitu kimoja na alama ya biashara ni kingine. Wengi wetu hapa mjini hatulijui hilo. Marehemu mbia wangu alikuwa amesajili alama pia, hukohuko BRELA, mwaka 2019, nami nikamcheka kwamba anachezea hela. Cheti nilikikuta kwenye droo yake, chini ya ramani za mlima.

Kikoa kikafungwa kisihamishwe. Jamaa akapewa siku 20 za kujibu, akanyamaza. Mwamuzi akaagiza tukabidhiwe.

Hela ya wageni haikurudi. UDRP huhamisha kikoa au kukifuta, fidia haimo. Lakini hatukuwarudisha KIA, uwanja wa ndege. Wao walilipa ada za hifadhi, gharama za wagumu na chakula tukazibeba sisi, na siku ya sita alfajiri walikuwa kilele cha Uhuru.