Au Wale Kumi na Wanane

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno lililonikaa moyoni juma hili lilisemwa Jumamosi jioni pale Uwanja wa Nyerere, ambapo sisi wapenda kamera wa hapa Dodoma hukutana kuonyeshana picha na kubishana kuhusu mwanga na lenzi. Vijana waliniomba niwaonyeshe picha nilizopiga Kathmandu, Nepal, mwaka 2015, nilipokwenda huko kwa mafunzo ya kazi, nami nikawatolea ile ninayoipenda kuliko zote: kijana ameketi kwenye kiti cha plastiki, amekunja mkono wa shati hadi juu ya kiwiko, anatazama pembeni akisubiri zamu yake ya kutoa damu. Tuliongea vizuri kuhusu kivuli kilichomlalia shavuni, na jinsi ilivyo kazi kupiga picha ya mtu jua likikaribia utosini bila macho yake kupotelea gizani. Ndipo ndugu mmoja, mwamini mwenzetu ambaye ninamheshimu, akauliza kama huko ndiko lilikotokea lile tetemeko. Nilipomjibu kuwa ndiko, akasema kwa utulivu kabisa, "Wale ni waabudu sanamu. Mungu aliwaadhibu." Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa, na mazungumzo yakarudi kwenye lenzi.

Naandika kwa sababu neno hilo halipaswi kupita hivi hivi kati yetu.

Tetemeko lile lilipiga Jumamosi, tarehe 25 Aprili 2015, saa 5:56 asubuhi, likiwa na ukubwa wa 7.8. Nilikuwa katika uwanja wa kale wa Basantapur, hatua chache kutoka Kasthamandap, jengo la mbao lililokuwa limesimama kwa karne nyingi, na ambalo asubuhi hiyo watu walikuwa wakichangia damu ndani yake. Njiwa waliruka wote kwa mara moja kabla sijahisi kitu. Kisha ardhi ikaanza kwenda na kurudi, ukajaa mshindo wa matofali, na vumbi jekundu likafunika uwanja mzima hata nisiione kamera iliyokuwa ikining'inia kifuani mwangu. Vumbi lilipopungua, Kasthamandap halikuwapo tena, nao watu waliokuwa wakitoa damu yao kwa ajili ya wagonjwa wasiowajua walikuwa chini ya mbao zake. Kijana wa kwenye picha sikumwona tena, wala sijui kama alitoka.

Siku ileile ulianguka mnara wa Dharahara, uliokuwa na urefu wa zaidi ya mita 60. Jumamosi ndiyo siku ya mapumziko ya Wanepali, na watu wengi walikuwa wamepanda kutazama mji kutoka juu. Kwa sababu hiyohiyo Wakristo wa Nepal huabudu Jumamosi badala ya Jumapili, na saa ile walikuwa makanisani. Baadhi ya makanisa yaliporomoka waumini wakiwa katika ibada. Nchi nzima ilipoteza karibu watu 9,000.

Sasa fungueni Luka 13. Bwana wetu aliletewa habari moja, naye mwenyewe akaongeza ya pili. Wagalilaya waliuawa wakiwa wanatoa dhabihu zao, yaani katikati ya ibada, na watu kumi na wanane waliangukiwa na mnara huko Siloamu. Waliofia ibadani na walioangukiwa na mnara, ndugu zangu. Nimeisoma sura hii mara nyingi tangu mwaka ule, na kila mara naiona Kathmandu. Waliomwendea Bwana walikuwa na fikra ileile tuliyoisikia Jumamosi, naye akawauliza, "Mwadhani ya kuwa wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Yerusalemu?" Akajibu mwenyewe: "Nawaambia, Sivyo." Kama Bwana amesema sivyo, sisi tunapata wapi mamlaka ya kusema ndivyo?

Sababu ya tetemeko inajulikana. Bamba la ardhi linalobeba India linajisukuma chini ya bara la Asia sentimita chache kila mwaka, na nguvu iliyokusanyika huko chini hufika siku ikaachiliwa. Bonde la Kathmandu lilikuwa ziwa zamani za kale, na udongo wake laini uliyumba polepole kwa mawimbi marefu, hata nyumba nyingi fupi zikapona na mnara mrefu ukaanguka. Sisi nasi tunakaa kwenye Bonde la Ufa, na ardhi yetu hutikisika mara kwa mara. Tena tusiende mbali. Tarehe 24 Juni 2002, hapa hapa mkoani kwetu, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani karibu na Igandu bila kuzuilika, ikagonga treni ya mizigo, na zaidi ya watu 280 wakafa. Wapo miongoni mwetu waliozika siku zile. Nani atasimama mbele yao aseme kwamba abiria wale walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa Dodoma?

Usiku wa siku ya tetemeko tulilala nje, katika uwanja mkubwa wa Tundikhel, kwa sababu ardhi iliendelea kutikisika na hakuna aliyethubutu kuingia ndani. Mvua ilinyesha. Mama mmoja mzee, Mhindu, mwenye alama nyekundu katikati ya paji la uso, aliniona nimejikunyata na mkoba wangu wa kamera, akanivuta mkono hadi chini ya turubai walilokuwa wamejibanza wajukuu zake, akanimwagia kiganjani mchele mkavu uliopondwa ambao wao huuita chiura. Hakuwa na lugha ya kusema nami wala hakuuliza ninamwabudu nani. Nilikula, nikalia, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, na hata leo nikiomba humtaja mbele za Bwana. Huyo ndiye tunayemhukumu tukiwa tumekaa barazani na soda mikononi.

Nisemalo ni zito, nanyi mnivumilie kwa upendo. Fikra hii ya kwamba aliyepatwa na baya amelipwa haikomei Nepal. Tunaingia nayo misibani. Dada aliyeharibikiwa na mimba anaulizwa kwa sauti ya chini kama ana jambo hajalitubu, na baba aliyeunguliwa duka anaambiwa achunguze zaka zake. Mama aliyefiwa na mtoto anaombewa "mlango uliofunguka" ufungwe, wakati hajapata hata mtu wa kumchotea maji. Huo ni ukatili, wapendwa, hata ukisemwa kwa sauti ya maombi. Marafiki wa Ayubu walipofika waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake, wakamkasirisha Mungu. Kwa hiyo mkienda kwa mfiwa juma hili, nendeni na unga, nendeni mkachote maji, kaeni naye. Akiuliza kwa nini, mwambieni kwamba hamjui, kisha mlie pamoja naye.

Wala Bwana hakuishia kwenye "Sivyo". Aliongeza, "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo," na maneno hayo aliwaambia waliokuwa hai, wazima, waliokuja na habari za wengine. Nimeongea na ndugu yetu yule faraghani, naye alinisikiliza kwa unyenyekevu. Tumekubaliana kuisoma sura hii pamoja na wenzetu Jumamosi ijayo kabla ya kuonyeshana picha. Nanyi isomeni nyumbani, mvuke mpaka aya ya 9, kwenye ule mtini usiozaa ambao mtunzaji wake aliuombea mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa Jumapili tutaanzia hapo.