Jumatano yangu Manzese, Dar es Salaam: masinia 10 na swali moja

Adhana ya alfajiri inanikuta nimeshaamka. Kitu cha kwanza ni ndoo ya maharage. Jana usiku nililoweka kilo 5, sasa yamevimba yamejaa ndoo. Namwaga yale maji, nasuuza mara mbili. Yasipolala majini yatatumalizia mkaa wote, na mkaa siku hizi unaumiza.

Saa 1 asubuhi niko kwenye banda la jiko nyuma ya kanisa. Mama mzee anayeongoza mapishi keshawasha moto.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Bomba limekauka tena.”

Tunanunua madumu 6 kwa kijana wa mkokoteni, kazi inaendelea.

Saa 3 nakwenda soko la Tandale kuchukua sembe, nazi na mchicha. Hapo nawaona vijana wetu, wale tunaowapikia, wakiwa kazini, wanashusha mahindi kwenye lori, migongo imekuwa myeupe kwa vumbi la magunia. Siwasimamishi mbele ya bosi wao. Mmoja anapita na gunia kichwani, ananiuliza kwa sauti ya chini, “Mwinjilisti, leo sinia lipo?” Lipo.

Kuanzia saa 5 ni kukuna nazi, kuchambua mchicha, kisha kusonga ugali, na ugali wa watu 40 si mchezo, tunapokezana mwiko. Nyama tunapika mara chache. Tukipata kuku, tunamwomba jirani yetu Mwislamu atuchinjie, maana karibu nusu ya vijana ni Waislamu na nataka kila mtu ale bila wasiwasi. Ramadhani tunasogeza sufuria hadi magharibi, wote tunafuturu pamoja.

Saa 7 na nusu wanaanza kuingia: wapagazi, waokota chupa, wasichana wanaotembeza karanga. Hakuna kujiandikisha wala kuulizwa dini. Wananawa, wanakaa wanne wanne kwenye sinia. Huyu anasema Bismillah, yule anafumba macho kidogo, mwingine anatia tonge tu.

Mwaka wa kwanza tulikuwa tunahubiri kwanza, chakula baadaye. Nikawa naona macho yao yote yako kwenye sufuria. Mtu hajala tangu jana, halafu namsomesha kuhusu mkate wa uzima? Nikaona aibu, nikaacha. Sasa nakaa chini, nakula nao. Mwenye la kusema atasema, na asiyetaka akishiba anaenda zake kwa amani.

Leo nimekaa na muokota chupa mmoja, wa miaka 17 hivi. Kidole gumba cha mkono wa kulia kakifunga kitambaa, kimekatwa na chupa, tonge halikamatiki. Jirani yake kwenye sinia, mpagazi wa Tandale, hakuuliza kitu. Anakata ugali, anafinyanga, anachovya kwenye maharage, anamwekea ukingoni upande wake. Moja lake, moja la mwenzake. Wamekula hivyo mpaka sinia likabaki jeupe.

Ndipo yule kijana akasema, macho yako kwenye sinia, “Mama alikuwa anasali kila siku. Mbona Mungu hakumsikia?”

Zamani ningejibu haraka kwamba Mungu ana makusudi yake. Nilishamjibu hivyo msichana mmoja wa karanga, hakurudi tena. Mpaka leo nikipita kituo alichokuwa anauzia, namtafuta kwa macho. Kwa hiyo nilisema, “Sijui, mwanangu.” Tukanyamaza.

Mpagazi ndiye aliyevunja ukimya. “Sisi kwenye msiba tunasema sote ni wa Mungu na kwake tutarejea. Naamini. Lakini babu alipofariki nilikasirika mwezi mzima.”

“Ulimkasirikia nani?”

“Mungu. Na nilikuwa naswali hivyo hivyo.”

Kijana akainua uso kwa mara ya kwanza.

Saa 10 tunaosha masinia. Wanaobaki ni wale wenye maneno zaidi, na maneno hutoka vizuri mikono ikiwa na povu. Kidole tulikiosha kwa maji ya chumvi, kesho asubuhi nampeleka zahanati.

Saa 12 na nusu jioni namsindikiza hadi kwao, chumba kimoja anachoishi na mdogo wake wa miaka 9. Njiani nimemwambia kuna mtu aliyemlalamikia Mungu hadharani, na malalamiko yake yamo kwenye Biblia. Akataka kuyasikia. Tumekaa kizingitini, nimemsomea Zaburi ya 88 kwa mwanga wa simu. Zaburi nyingi za kilio huishia kwenye tumaini. Hii inaishia gizani, na waliokusanya zaburi wakaiacha hivyo hivyo.

“Basi? Imeisha?”

“Imeisha.”

“Soma tena.”

Nimesoma tena. Alipoinuka alichukua ukoko wa ugali tuliomfungia kwenye mfuko, akaingia ndani kumwamsha mdogo wake ale.