Nilivyompeleka mzee fainali ya tenisi Antwerp na nyonga yake ya chuma

Oktoba 2019 mzee wangu alikuwa kwangu Antwerp, Ubelgiji, ametoka Mombasa, kashawekewa nyonga ya chuma miezi kadhaa nyuma na nje hataki kutoka kabisa, ukimwambia baba twende tunyooshe miguu anakujibu mwanangu hiki kitu kitachomoka. Nilibembeleza mpaka basi. Sasa nikasikia Andy Murray, yule mcheza tenisi wa Uingereza, kaingia fainali ya mashindano ya European Open pale ukumbi wa Lotto Arena, na huyo Murray Januari mwaka ule ule alipasuliwa nyonga akavishwa kofia ya chuma kwenye kichwa cha mfupa wa paja, alishaaga tenisi hadi watu wakalia. Nikamwambia mzee, baba, yule naye ana chuma. Akanyamaza weee, halafu akauliza, "Saa ngapi?"

Kazi ikawa kumkalisha, maana akikaa muda mrefu nyonga inakaza. Nilichukua viti vya pembeni mwa njia, chini, pasipo na ngazi nyingi, na tramu tukapanda mapema kabla haijajaa. Ndani, kila wachezaji wakienda kubadilishana upande, zile sekunde 90, namsimamisha, anashika bega langu anainua mguu mara tano sita anakaa. Waliokuwa nyuma yetu hawakununa, wakati ule karibu kila mtu anajinyoosha.

Mechi yenyewe jamani! Mpinzani wake Wawrinka, ambaye naye goti lilishapasuliwa mara mbili, kachukua seti ya kwanza 6-3, ya pili yuko mbele 3-1, mzee akaninong'oneza kijana wa watu anaumia huyu, watamrudisha hospitali. Nikamwambia subiri baba. Murray akarudi 6-4, 6-4, taji lake la kwanza tangu Dubai 2017, na aliingia pale akiwa nafasi ya 243 duniani! Machozi yakamtoka Murray. Nikageuka, mzee mkono uko kwenye nyonga yake anaipapasa taratibu, hasemi kitu.

Mashindano yale hayakudumu pale, yalianza 2016, Bautista Agut akawa bingwa wa mwisho 2024, mwaka uliofuata yakahamia Brussels, na mimi bado yananiuma kila tramu ikipita kituo cha Sport, kile cha ukumbini. Mzee yuko Mombasa. Akitazama taarifa ya habari, matangazo yakiingia tu anasimama, anashika kochi, anainua mguu mara tano sita.