Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli, mvua ikishakatika

Saa moja asubuhi nimeshafungua. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, kwa hiyo najua kinachokuja: minyororo yenye kutu, breki zinazolia, na wenye baiskeli walionuna kana kwamba mvua niliiagiza mimi. Mpaka saa nne nimeziba pancha tano, nimepaka mafuta minyororo, nimebadilisha waya wa breki. Hapo hakuna cha kusimulia.

Saa nne na robo akaingia mzee mmoja anaisukuma baiskeli yake.

"Fundi, gurudumu la nyuma lina kitu kinacheza ndani. Juzi nimewekewa gololi mpya, bado kinacheza."

Nikaipindua baiskeli, nikalizungusha gurudumu polepole. Chwa... chwa... chwa. Kama chupa iliyobaki maji kidogo.

"Ni maji, mzee wangu."

"Maji gani? Mvua imekatika tangu jana!"

Asubuhi yangu ikaishia hapo. Akalizungusha mwenyewe kwa nguvu zote, sauti ikapotea. "Umeona? Yangekuwa maji si yangelia?" Nikamweleza kwamba likienda kasi, maji yanasambaa na kugandamana na ukuta wa ringi pande zote. Ukilizungusha taratibu yanaporomokea chini, ndipo yanapolia. Hakukubali. Akavuta kiti, akakaa ananikodolea macho.

Wengi hudhani ringi ni chuma kilichojaa ndani. Ringi ya aina hii ina kuta mbili, katikati ni uwazi kama bomba. Maji ya mvua huteremka kwenye spoku kama kwenye mchirizi, yakafika kwenye nipeli, vile vichwa vidogo vya kukazia, na kupenya tunduni. Kuingia ni rahisi, kutoka ndiyo kazi: yakishaingia hulala upande wa tairi, na upande huo matundu yamefunikwa na utepe. Ukiendesha ndiyo kwanza yanazidi kusukumwa hukohuko.

Nikatoa tairi, nikatoa tyubu, nikabandua utepe. Nikaliinua gurudumu, tundu la valvu likaelekea chini, nikatikisa. Kimya. Mzee akakohoa. Nikatikisa tena, likadondoka tone moja, kisha yakaanza kuchuruzika, ya kahawia, yana unga mweupe wa alumini iliyoliwa. Karibu robo glasi kwenye kopo.

Akalitazama lile kopo.

"Kumbe maji tu? Sasa hapo unanitoza nini?"

Nilinyamaza, maana ningefungua mdomo ningeharibu. Gololi ambazo hazikuwa na kosa alizilipia bila neno, kwa sababu alionyeshwa kitu kipya kinang'aa. Mimi sikumwekea kitu. Nilisikiliza tu, na sikio halina bei.

Kazi nayo haikuwa imeisha. Nipeli mbili zilishika kutu, moja ikagoma kabisa, nikaitilia mafuta na kuiacha inywe. Utepe mpya sikuufunga, kwa sababu ukifungwa juu ya unyevu haushiki, na maji yaliyobaki unayafungia ndani. Nikapuliza matundu kwa pampu moja baada ya jingine, nikalitundika gurudumu likauke. Mzee akaondoka, akarudi, akauliza bado, akaondoka tena. Katikati wakaja wengine, sikumbuki kwa mpangilio. Sikumbuki hata nilikula saa ngapi. Mgongo ulikuwa unawaka moto, vidole vyeusi, na kila aliyepita aliuliza lile gurudumu tupu linafanya nini ukutani.

Giza linaanza kuingia, ndipo nikafunga utepe, nikarudisha tyubu na tairi, nikajaza upepo. Ile nipeli iliyogoma ikakubali, nikanyoosha ringi. Mzee akaja, akainama, akatega sikio, akalizungusha polepole. Kimya. Akalipa, hakusema kitu.

Nilikuwa nanawa mikono aliposhika gurudumu la mbele, akalizungusha polepole vilevile.

Chwa.

Akanigeukia. Nikafunga bomba, nikachukua tena lile kopo.