Wino wa Ngisi Barazani Mkomani

Desemba 2019, nikiwa mwanafunzi wa uzamili wa kemia jijini Nairobi, nilirudi kwetu Mkomani, Lamu, nikamkuta khalati yangu akiendelea kutibiwa saratani ya matiti huko Mombasa. Alikuwa amesikia redioni kwamba saratani siku hizi yaweza kuchomwa kwa mwanga, akanitaka nimweleze habari hiyo mbele ya ami yangu, mvuvi asiyekubali neno mpaka alione.

Umeme ulikuwa umekatika, nami nikaiwasha tochi ya simu na kuibana kiganjani, vidole vikawaka wekundu. Niliwaambia kwamba nyama huzuia rangi nyingi na kuiachia nyekundu ipite, na kwamba mwanga unaofuata wekundu huo, usioonekana kwa macho, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 700 hadi 900 hivi, hupenya zaidi kwa kuwa damu na maji huunyonya kidogo. Kwa kiasi kinachofaa mwanga huo hauunguzi. Hugeuka joto kali pale tu unapokutana na chembe zilizotangulizwa ndani ya uvimbe, na joto likipita nyuzi 50 seli hufa kwa dakika chache.

"Chembe nyeusi, kama wino wa ngisi?" akauliza ami.

Sikupata kusikia swali zuri kuliko hilo hata darasani. Weusi wa wino wa ngisi ni melanini, jamii ya rangi inayoitia weusi ngozi yetu, na tangu mwaka 2013 watafiti wameonyesha kwamba melanini ya maabara, iitwayo polidopamini, huweza kuchoma uvimbe wa panya kwa leza. Melanini hushika metali kwa urahisi, na ndiyo maana kundi jingine la watafiti huitia shaba, chuma au manganizi: metali huongeza uwezo wa chembe kunyonya mwanga ule usioonekana, na chuma au manganizi huziwezesha kuonekana katika picha za MRI, yaani za ndani ya mwili zipigwazo kwa sumaku, daktari akajua zilipokusanyika kabla hajawasha leza.

Khalati hakuwa na haja ya ngisi. "Mwanangu, yapatikana Mombasa?"

Nilimjibu kwamba haipatikani. Kwa binadamu, majaribio niliyoyajua ni ya tezi dume huko Marekani, yaliyotangazwa mwaka huo huo kwa wagonjwa 16, na chembe zake zilikuwa za silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo, iliyovikwa dhahabu. Hata huko leza haikumulikwa kutoka nje, kwani mwanga hufifia baada ya sentimita chache. Nyuzi za kupitisha mwanga ziliingizwa hadi ndani ya tezi. Akauliza chembe huenda wapi baadaye, nikamwambia kwamba nyingi hubaki kwenye ini na wengu, na kwamba suala hilo, kuliko leza yenyewe, ndilo linalowachelewesha watafiti.

"Basi wao na wachelewe," akasema, kisha akamwuliza ami kama ameshamkatia tiketi ya basi la Mombasa.