Udongo wa rupia 1,800

Siku kumi na moja za kumuuguza shangazi yangu Delhi sitazisimulia. Ninachotaka kueleza ni asubuhi moja tu, niliyopakwa udongo usoni, kwa sababu iliniuma mashavuni na bado inaniuma mfukoni.

Karibu na hoteli yetu palikuwa na saluni iliyotangaza tiba ya ngozi ya Ayurveda, yaani uganga wa jadi wa India, nami niliingia hasa kwa kulikimbia joto la Mei. Kwa rupia 1,800, fedha ambazo zingenilisha siku tatu, binti mmoja alikoroga multani mitti, yaani udongo wa Multan, kwa maji ya waridi, akanipaka uso na shingo, akanilaza chini ya pangaboi na kwenda zake. Mwanzoni nilihisi ubaridi mtamu, kama wa mtungi mpya. Baadaye ngozi ilianza kuvutika, midomo ikagoma kufunguka, na nilipojaribu kumwita, uso mzima ulipasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Aliporudi aliubandua kwa kitambaa kikavu. Nilitoka nimepauka, mashavu yakiwaka moto.

Wodini, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe kwenye kitanda cha jirani alinitazama, akacheka, kisha akakasirika kwa niaba yangu. "Beti," aliniambia, yaani binti yangu, "lepa haiachwi ikauke hadi ipasuke." Lepa ndilo jina la dawa ya kupaka katika Ayurveda, huondolewa ingali na unyevu, na ikikauka hulowanishwa kwanza. Udongo ule hunyonya mafuta, ndiyo maana udongo wa aina hiyo ulitumika tangu zamani kusafishia sufu, na ndiyo maana unaifaa ngozi yenye mafuta. Ngozi kavu kama yangu, ambayo waganga wa Ayurveda huihesabu kuwa ya vata, yaani ya hali ya mwili inayoleta ukavu, ilistahili kupakwa udongo uliokorogwa kwa maziwa, tena kwa dakika chache. Binti wa saluni hakuniuliza lolote isipokuwa kama nilikuwa na chenji.

Kesho yake mama huyo alinipeleka Khari Baoli, soko la viungo lililo karibu na msikiti wa Fatehpuri, ambako pilipili huwapigisha chafya wenyeji na wageni bila ubaguzi. Udongo ulikuwa kwenye gunia, mabonge ya rangi ya chai yenye maziwa mengi, nusu kilo kwa rupia 40. Multan yenyewe imo Pakistan tangu mwaka 1947, na muuzaji alikiri bila haya kwamba mabonge yake yalichimbwa Rajasthan. Mama akanielekeza niyaloweke usiku kucha, kisha nitie chandan, yaani sandali, iliyosagwa. Alipoinua kipande cha mti huo puani mwangu, nilimkumbuka bibi yangu Tanga akisaga liwa juu ya msio, lile jiwe la kusagia, akidondoshea maji tone kwa tone na kutukaripia tulipokaa juani nayo usoni.

Msio huo siku hizi unazuia mlango wa jikoni usijifunge. Juzi nimeuosha.