Ua la Pwani Yetu kwenye Ukumbi wa Uingereza

Vyama vya bustani vya eneo ninaloishi, magharibi mwa Uingereza, hukutana Jumamosi moja kila mwaka katika ukumbi wa chuo. Asubuhi huwa na mihadhara, mchana warsha, na katikati chai, keki na meza ndefu za miche ambayo wanachama wameiotesha majumbani mwao na wanaiuza kwa bei ya kutupa. Mwaka huu nilihudhuria. Sasa niko Mombasa likizoni na nimeona niwasimulie, kwa sababu mengi yaliyozungumzwa siku ile yanatuhusu sisi watu wa Pwani, pengine kuliko yanavyowahusu wao.

Mhadhara wa kwanza ulikuwa juu ya udongo wa kuoteshea. Kwa miaka mingi wakulima wa bustani kule wametumia udongo mweusi unaochimbwa kwenye vinamasi. Tatizo ni kwamba kinamasi hujijenga taratibu mno, kama milimita 1 tu kwa mwaka, na kimehifadhi kaboni nyingi ambayo hutoka kwenda hewani kikikaushwa na kuchimbwa. Kwa hiyo watu wanahimizwa kuacha. Watumie nini badala yake? Mzungumzaji akatoa kitu kama tofali la kahawia, akaliweka kwenye beseni, akalimiminia maji. Likafura mbele ya macho yetu mpaka beseni likajaa. Nilikitambua kabla hajakitaja: makumbi ya nazi! Yamesagwa, yamekaushwa, yamekandamizwa, yamesafirishwa kutoka India na Sri Lanka, na watu wakapanga foleni kuyanunua kwa pauni.

Wenzangu wa Kisauni, Likoni na Mtwapa, makumbi tunayafanyaje sisi? Tunayachoma kufukuza mbu, au yanarundikana nyuma ya nyumba mpaka mvua ije iyaozeshe. Mzungumzaji alieleza pia jambo ambalo ni muhimu sana kwetu: makumbi yana chumvi, na chumvi huunguza mizizi michanga, kwa hiyo lazima yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kadhaa kabla ya kuoteshewa. Yale yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, ndiyo yanahitaji kuoshwa zaidi. Mtu mwenye kisu, kinu na pipa la maji ya mvua anaweza kuanza kesho.

Baadaye ikaja mada ya wadudu wanaotengeneza rutuba. Wakati wa maswali nilisimama nikawasimulia habari za Bamburi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe na maji ya chumvichumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikastahimili 3 tu, mmojawapo ukiwa mvinje. Lakini majani ya mvinje yalianguka yakakaa vilevile, hayaozi. Ndipo akaletwa jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu tunayemjua sote, akayala yale majani na kuyageuza mboji, na mboji ile ikabeba msitu ambao leo watoto wa shule wanapelekwa kuutembelea. Ukumbi mzima ulinyamaza ukasikiliza. Kisha wakauliza maswali mengi zaidi kuhusu jongoo kuliko waliyomuuliza mzungumzaji mwenyewe, naye hakuona vibaya, alikuwa anaandika.

Mchana kulikuwa na warsha nne, nikachagua ile ya ua wanaloliita urujuani wa Afrika. Bila shaka mmeliona: jani nene lenye manyoya laini, ua la zambarau lenye kitone cha manjano katikati, limewekwa dirishani kwenye kikopo. Kule Ulaya hakuna asiyelijua. Mwalimu alitufundisha kulizalisha kwa jani. Unakata jani zima pamoja na kikonyo chake, unakiacha kikonyo kama sentimita 3, unakikata mshazari, unakichomeka kwenye mchanganyiko mwepesi (wetu ulikuwa wa makumbi), kisha unafunika kwa mfuko wa plastiki ili unyevu usitoke. Maji unayatia kwenye kisahani chini, maana tone baridi likiangukia jani huacha baka. Baada ya wiki tatu au nne linatia mizizi, na baada ya miezi kama miwili unaona vijani vidogo vinachungulia kwenye shina la jani lile la kwanza.

Historia ya ua hilo aliieleza kwa ufupi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani kutoka milima ya Usambara, Tanzania ya leo, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Hapo akaishia. Nikaomba niongeze: ndugu zake ua hilo wanaota pia Kenya, kwenye milima ya Taita, na wengine kwenye miamba ya chokaa ya Mwarakaya na Cha Simba, kaunti ya Kilifi. Kutoka Mombasa unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Na hao wa Kilifi wako hatarini mno kutoweka, kwa sababu wanaishi kwenye kivuli cha msitu, na miti ikikatwa jua linaupiga mwamba na ua linakauka. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu, ambaye amepanda urujuani tangu ujana wake, aliniuliza kama watu wa huko wanajua walicho nacho. Niliumia, kwa sababu mimi mwenyewe nimesoma Mombasa mpaka kidato cha nne na hakuna siku niliyosikia likitajwa.

Hayo yote nimemsimulia shangazi yangu, Mji wa Kale, tumekaa uani kwake baada ya Alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Watu wazima wafunga safari kwenda kufundishana kupanda maua?”

“Ndiyo, shangazi, na kiingilio walipa.”

“Na mwenye kujua hafichi?”

“Hafichi. Ajuaye ndiye anayealikwa kusema.”

“Basi hapo wametushinda,” akasema. “Hapa mtu akiwa na mkilua wenye kuzaa maua yake ya kunukia, hata tawi hakupi.”

Shangazi ana asumini ambayo jioni huchanua mpaka nusu ya mtaa wanakuja kuomba za kutunga vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba. Nikamwomba anionyeshe anavyoipata miche yake. Akachagua tawi la chini lisilo na ua, akalikwangua kidogo upande wa chini kwa kisu penye kifundo, akaliinamisha mpaka kwenye mkebe wenye udongo, akaligandamiza kwa jiwe la tumbawe. “Usilikate na mamake,” akaniambia. “Liache linyonye. Siku ukilivuta likakataa, hapo lina mizizi, sasa likate.” Akaongeza kwamba asumini lazima ipogolewe ikimaliza kuchanua, kwani ua hutoka kwenye chipukizi jipya. Kwenye kongamano lile warsha kama hiyo ingejaza ukumbi.

Nilimuuliza pia kwa nini asumini zake ziko kwenye mapipa, hazimo ardhini. Akasema ardhini zilikuwa zikigeuka manjano, mishipa ya jani tu ndiyo inabaki kijani. Picha ya jani hilohilo nilionyeshwa kule: udongo wenye chokaa nyingi huyafunga madini ya chuma, mmea ukayakosa na huku yamo. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, na maji ya visima vingi yana chumvi juu yake. Shangazi aliligundua bila mhadhara, akajaza mapipa mboji na samadi, na maji ya mvua akayakinga kwa ajili ya asumini peke yake.

Kwa hiyo tumekubaliana. Jumapili hii, baada ya Alasiri, wanawake wa mtaa watakutana uani kwa shangazi, kila mmoja na mche au tawi la kubadilishana: mrehani, langilangi, mwaridi, chochote. Shangazi ataonyesha asumini. Kijana wa jirani anayeuza nazi ataleta makumbi tuyasage na kuyaosha. Mimi nitasimulia ua la Mwarakaya, na kabla sijarudi Uingereza nataka twende watu wachache tukalione pale mwambani, kwa idhini ya wenyeji, bila kung’oa hata jani. Mwenye mkilua na asiogope kuja. Tutamwomba tawi moja, na atarudi nyumbani na mche wa asumini uliokwisha tia mizizi.